Nani Hakuwepo

Pale shuleni kwetu Bariadi aliitwa Madamu wa Taaluma, na aliendelea kuitwa hivyo hata baada ya kuvuliwa cheo hicho. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko fimbo ya mwalimu wa nidhamu. Akisoma karatasi ya mtu hakuketi. Aliinuka, akasogea dirishani, akaisoma amesimama, na mwenye karatasi naye akabaki amesimama akiyafuata macho yake yanavyoshuka mstari kwa mstari. Wengi walitokwa jasho kabla hajasema neno.

Mimi nilipangiwa shule ile nikiwa mwalimu mpya wa fizikia, nikapewa meza katika ofisi yake kwa kuwa nyingine zilijaa. Kwa sababu nilijua kompyuta kidogo, nikawa pia mtu wa kuwasaidia vijana wa kidato cha sita kutuma maombi ya vyuo kwa mtandao. Wengi waliomba vyuo vya nchini, ambako wanaangalia matokeo tu. Lakini kila mwaka walikuwepo wachache waliojaribu ufadhili wa vyuo vya nje, na fomu za huko zina sehemu inayomtaka mwombaji ataje tuzo alizopata kimasomo. Nafasi zenyewe ni chache, kwa hiyo lazima uchague ipi iingie na ipi ibaki. Kisha mwalimu wa shule athibitishe kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Mwalimu huyo alikuwa Madamu. Mimi nilikaa tu kwenye mashine nikisubiri aseme.

Maswali yake yalikuwa yale yale. Tuzo hii umeipata wapi? Nani alikuwepo? Halafu, bila kunyanyua macho, angeuliza, "Nani hakuwepo?"

Hilo la mwisho liliwachanganya watoto. Namkumbuka kijana mmoja wa mchepuo wa sayansi, mwenye maneno mengi, aliyeandika kwamba alikuwa mshindi wa pili wa kanda katika shindano la Kemia.

"Nani alikuwepo?" Madamu aliuliza.

"Shule nyingi sana, Madamu."

"Siku ya fainali."

"Fainali tulikuwa sisi na shule moja ya Shinyanga."

"Nani hakuwepo?"

Kijana alikuna kisogo. "Wale wa Mwanza. Gari lao liliharibika njiani."

"Kwa hiyo ulishindana na mtu mmoja, naye akakushinda."

"Ndiyo, Madamu."

"Andika hivyo."

Nilijikaza nisicheke. Kijana hakucheka, na Madamu naye hakucheka. Waliipunguza ile sentensi pamoja mpaka ikawa fupi na ya kweli, kisha Madamu akamwambia aongeze jambo ambalo yeye mwenyewe hakuona kama ni kitu: kwamba alikuwa akiwafundisha wenzake jedwali la elementi bwenini mpaka nusu ya darasa wakafaulu. "Hilo nimeliona kwa macho yangu," alisema. "Hilo nitalitilia saini."

Lakini mtu akidhani Madamu alikuwa mtu wa sheria tupu, hakumjua. Kulikuwa na kijana wa wafugaji ambaye daftari la mahudhurio lilimwonyesha mtoro wa kutisha. Kiangazi baba yake alikuwa akimtoa shule ahamishe ng'ombe kufuata maji. Mkuu wa shule alitaka katika barua ya kumwombea chuo iandikwe kwamba mahudhurio yake yalikuwa hafifu. Madamu aliandika kwamba kijana hakuwahi kukosa shule bila sababu. Nilipomuuliza kama huo si uongo, alinitazama kama niliyeuliza rangi ya maziwa. "Sababu anayo," alisema. "Ina pembe, na ni nyingi. Wewe ulitaka niandike nini?"

Alikuwa bahili. Kipande cha chaki alikivunja nusu kabla ya kukupa. Michembe aliyokuja nayo kutoka nyumbani, vile vipande vya viazi vilivyokaushwa, aliila peke yake akiwa amekipa kisogo chumba cha walimu. Hata hivyo nyumbani kwake waliishi wasichana wawili kutoka Zagayu, aliowalisha na kuwasomesha tangu wakiwa wadogo. Hawakuwa watoto wake wala wa ndugu yake. Walimwita Somo, kwa kuwa alikuwa na jina moja na mama yao mzazi. Kila likizo alipanda nao gari kwenda Zagayu, akakaa huko siku kadhaa, akarudi na mikono iliyochubuliwa na kuchuma pamba. Sisi wote tuliamini kwamba Zagayu ndiko kwao.

Jambo jingine tulilozoea ni kwamba ukimwita kwa jina hakugeuka upesi. Ungemwita mara ya pili ndipo aitike. Walimu wa siku nyingi walisema ana sikio bovu. Lakini ukisema "Madamu", hata kwa mnong'ono, aligeuka hapo hapo.

Na hakupenda kusifiwa, kwa namna iliyozidi unyenyekevu wa kawaida. Mwaka mmoja alichaguliwa mfanyakazi bora wa shule. Siku ya Mei Mosi jina lake likatangazwa uwanjani, watu wakapiga makofi wakimtafuta. Alikuwa ameketi karibu nami. Hakuinuka. Jina likatangazwa tena. Aliniinamia akasema tumbo linamuuma, niende nikampokelee. Nikaenda, nikarudi na cheti na blanketi. Blanketi alilichukua. Cheti alikiacha juu ya meza yangu ofisini kikakaa huko mpaka kikapauka kwa jua.

Yote hayo niliyaona kama vituko vya mwalimu mzee, hadi siku ya Kabula.

Kabula alikuwa binti wa wakulima wa huko huko Bariadi, mkimya, mwenye akili kali ya hesabu. Alipomaliza kidato cha sita aliomba ufadhili wa chuo kimoja cha nje, na kwa mara ya kwanza shule yetu ilikuwa na mtu ambaye kweli angeweza kuupata. Mkuu wa shule alikuwa ameshaanza kuwaambia wazazi kwenye vikao. Tuzo yake kubwa ilikuwa ya kwanza ya kanda, katika shindano la wanasayansi wanafunzi, kwa kifaa kidogo cha kupima chumvi katika maji ya visima. Ukijua maji ya visima vyetu yalivyo, utaelewa kwa nini waamuzi walikipenda.

Kifaa kile hakukitengeneza peke yake. Alikitengeneza na rafiki yake aliyeitwa Nyamizi, aliyelala naye kitanda kimoja cha juu na chini. Kabla ya siku ya shindano Nyamizi aligundulika ni mjamzito, na kwa utaratibu wa wakati ule akaondolewa shule. Mkuu wa shule akapeleka jina moja. Kabula akasimama jukwaani peke yake, na cheti kikatoka na jina lake peke yake.

Siku ya mwisho ya kutuma maombi umeme ulikatika tangu asubuhi. Nilikuwa na kompyuta yangu ya mkononi yenye chaji isiyofika nusu, na intaneti nilikuwa naivuta kwenye simu. Kabula aliketi karibu nami amevaa gauni la kanisani, kama vile wale watu wa ng'ambo wangemwona. Tulikuwa tumejaza kila kitu. Ilibaki sehemu ya tuzo, na Madamu alikuwa amesimama dirishani.

"Kifaa mlikitengeneza wangapi?" aliuliza.

"Cheti kina jina langu, Madamu."

"Sijauliza cheti."

Kabula alinitazama. Nikatazama kioo cha kompyuta.

"Wawili," alisema.

"Andika wawili."

"Madamu, wakiona wawili watasema mimi nimefanya nusu. Wenzangu huko watakuwa wameandika za peke yao."

"Ulifanya nusu?"

"Nilifanya hesabu zote. Nyamizi alifunga nyaya, na wazo lilikuwa la…"

"Wazo lilikuwa la nani?"

Mlango ulifunguliwa, akaingia mkuu wa shule. Alikuwa mtu mnene, mwenye haraka siku zote, na siku ile alikuwa amekwisha kuja kutuchungulia mara kadhaa. Akauliza kama imeshakwenda. Nikasema bado, tunamalizia tuzo. Alipoelewa tatizo liko wapi, alifunga mlango nyuma yake.

"Madamu, mtoto ana cheti. Cheti kina mhuri. Unathibitisha nini kingine?"

"Nathibitisha kilichotokea."

"Kilichotokea ni kwamba shule hii haijawahi kupeleka mtoto huko. Huyo mwingine hayupo hapa tena. Ameshazaa. Ukimtaja utamsaidia nini?"

"Sijui."

"Hujui. Lakini unataka kumharibia huyu."

"Mkuu, kama unataka kuthibitisha wewe, weka jina lako. Mimi langu siliweki."

Nilimwona mkuu akitafakari. Fomu ilishajazwa taarifa za Madamu tangu mwanzo, na kubadilisha mthibitishaji kungechukua siku ambazo hatukuwa nazo. Alimnyooshea kidole. "Jua likizama fomu haijaenda, utanipa maelezo kwa maandishi. Na cheo cha taaluma utakikabidhi." Akatoka, akiuacha mlango wazi.

Madamu aliufunga. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niingie ofisi ile: alivuta kiti akaketi mbele ya mwanafunzi, magoti yakakaribia kugusana.

"Kabula, mimi naitwa nani?"

Kabula alimtaja jina lake, akiona haya, kwa sababu mtoto hamtaji mwalimu hivyo.

"Hilo si jina langu," Madamu alisema.

Chaji ilikuwa inashuka, lakini mimi nilisahau kuitazama.

"Darasa la saba sikufaulu. Baba yangu alinipeleka sekondari kwa jina la binti mwingine, aliyekuwa ameolewa. Zamani hizo yalifanyika sana, wakubwa wakielewana. Mwenye jina yuko Zagayu, analima pamba. Wale wasichana wanaokaa kwangu ni wa kwake. Nimesoma kwa jina lake, nimeajiriwa kwa jina lake, na kila mtu akiniita nasikia anaitwa yeye."

Alisema yote hayo kwa sauti ile ile ya kusomea matokeo. Mimi niliwaza Mei Mosi, na lile sikio bovu.

"Kwa nini unatuambia?" Kabula aliuliza. Alikuwa ameanza kulia, na yalikuwa machozi ya hasira. "Unataka nisiende?"

"Nataka uende. Nataka mwenzako awemo unapokwenda."

"Na wakininyima?"

"Wanaweza kukunyima. Sikudanganyi."

"Nyamizi mwenyewe hajali. Hata simu zangu hapokei."

"Ulimpigia lini?"

Kabula alijifuta uso kwa kiganja. Nje watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanafagia, na vumbi lilipita chini ya mlango. Nilitamani Madamu amlazimishe, ili yaishe. Hakumlazimisha. Nilitamani pia akubali tu, ili binti wa watu apate nafasi. Sikujua ninalotaka, na kompyuta ilishaanza kuonya.

"Mwalimu, nipishe," Kabula aliniambia.

Nikampisha. Aliandika mwenyewe, kwa vidole viwili, kwa nguvu. Aliandika kwamba ni tuzo ya kwanza ya kanda, kwa kazi aliyoifanya na mwenzake ambaye wazo lilikuwa lake na ambaye hakuruhusiwa kuendelea na shule. Madamu aliisoma. Safari hii aliisoma ameketi. Kisha akathibitisha, nami nikatuma.

Hawakumchukua. Jibu lilikuja baada ya miezi, fupi, la kushukuru, lisilo na sababu. Inawezekana tuzo ile haikuhusika kabisa, maana huko huomba watu wa dunia nzima. Lakini mkuu wa shule aliamini ndiyo iliyomponza, na wazazi wa Kabula wakaamini hivyo hivyo. Madamu alikabidhi taaluma kwa mwalimu kijana, akahamishiwa meza ya pembeni na somo la Historia kidato cha kwanza. Kabula alipata chuo hapa nchini kwa mkopo, akaondoka bila kumuaga. Leo ni mhandisi wa maji hapa mkoani. Mimi niliendelea kuwasiliana naye, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza habari za Madamu.

Kuhusu jina hatukuzungumza tena. Siku moja tu, tumebaki wawili ofisini, nilimuuliza kama anajutia siku ile. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akafungua mfuko wake, akanigawia michembe, ikiwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Alipostaafu alihamia Binza, kule mjini Maswa, akajenga vyumba viwili, kimoja akakifanya duka la vitu vidogo vidogo. Nilipita mara mbili tatu nikienda kwetu. Alinipa soda, akaniuliza habari za wanafunzi, hakuuliza za shule.

Kisha, mwaka huu, asubuhi ya siku ya kazi, kwenye kundi la simu la walimu likaja tangazo. Mtu alikuwa amelipata kwa jamaa wa kanisa la Zagayu: jina lake kamili, amefariki, mazishi ni leo mchana huko huko nyumbani Zagayu. Pole zikaanza kumiminika. Mkuu wa shule, ambaye sasa yuko karibu kustaafu, akaandika kwamba shule itatoa gari na shada la maua.

Nilipiga namba ya Madamu. Haipatikani. Nikapiga tena. Nilikuwa bado nimeshika simu ilipoita, na aliyepiga alikuwa Kabula.

"Mwalimu," alisema, "ni yupi?"

"Sijui."

"Simu yake?"

"Haipatikani."

Walimu wote waliokuwa wanaandika pole walijua mtu mmoja mwenye jina lile. Mimi na Kabula tulijua wawili.

"Nipitie," alisema.

Tulikwenda kwa pikipiki yangu, yeye nyuma, kwa barabara ya vumbi. Mvua zilikuwa zimechelewa na pamba mashambani ilikuwa imesimama kwa shida. Kila tulipompita mtu anayetembea kwa miguu kuelekea msibani, mwanamke mwenye kanga mbili, nilitamani kusimama niulize, na nikaogopa kusimama. Mara moja tu Kabula alisema karibu na sikio langu, "Nilikuwa najiambia nitakwenda kumwona Pasaka." Hakusema Pasaka ya lini.

Nyumba ilikuwa na uwanja mpana, na watu walikuwa wengi. Gari la shule lilikuwa limeshafika. Wanaume walikaa kwenye viti upande mmoja, wanawake chini kwenye mikeka. Mwili ulikuwa bado ndani. Mzee mmoja alitupa mkono, akitusalimu kwa Kisukuma. "Mwadila," alisema. Tukaitikia, tukampa pole, nikashindwa kumuuliza.

Ni Kabula aliyemwona. Alinibana mkono mpaka ukaniuma. Pale kwenye mkeka, katikati ya wanawake wa Zagayu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi, alikuwa ameketi Madamu wa Taaluma. Alikuwa amekonda zaidi, na macho yake yalikuwa mekundu. Walimu wenzangu walikuwa wamesimama nyuma ya viti na shada lao, wakimtazama kama watu waliopotea njia. Mkuu wa shule alikuwa amelishika shada kwa mikono miwili, hajui aliweke wapi.

Ikafika zamu ya kusoma historia ya marehemu. Msemaji wa familia, kijana mwenye shati jeupe, alisoma: alizaliwa, aliolewa, watoto, wajukuu. Alikuwa mkulima hodari wa pamba na mtama. Alikuwa mwimbaji wa kwaya. "Marehemu hakubahatika kusoma," alisema, akataka kuendelea na ugonjwa.

"Nina sahihisho."

Ilikuwa ile sauti ya chini, na uwanja wote uliisikia. Madamu alikuwa amesimama.

"Marehemu alisoma," alisema. "Alimaliza darasa la saba. Mwaka ule, kwa wasichana wa shule yetu, alifaulu yeye peke yake. Mimi nilikaa naye dawati moja, nikafeli. Alichaguliwa kwenda sekondari, na wakati huo baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari. Baba zetu wakaelewana. Yeye akaletwa hapa kuolewa, mimi nikaenda kwenye nafasi yake, na jina lake nikalichukua. Mpaka leo ninalo."

Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba alirithi jina la mtoto aliyeacha shule, kama wengi walivyofanya. Hakuwa ametuambia kwamba aliyeipata nafasi yenyewe kwa kufaulu alikuwa mwingine.

Alirudia yote kwa Kisukuma, kwa ajili ya bibi waliokaa mbele. Wengine walifunika midomo. Mzee mmoja wa ukoo wa mume aliinua fimbo yake kidogo, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, keti. Haya siyo ya leo."

"Ni ya leo, baba," Madamu alisema. "Kesho hakuna atakayesoma habari zake. Alikuwa wa kwanza darasani kutoka la tatu mpaka la saba. Hesabu, Kiswahili, maarifa. Naomba iandikwe."

Kijana wa shati jeupe alitazama huku na huku, kisha akatoa kalamu.

Nilimgeukia mkuu wa shule. Pensheni ya Madamu inaingia kwa jina lile, na palikuwa na watu wa halmashauri kwenye viti vya mbele. Neno moja tu la mkuu lingeanzisha mengi. Alikuwa ametazama chini, anang'oa jani moja moja la shada bila kujua. Baadaye, mwalimu mmoja alipojaribu kulianzisha suala la jina, mkuu alimkata. "Mimi nimekuja msibani," alisema. "Sikuja kusikiliza ushahidi." Kisha akaenda kuliweka shada juu ya jeneza, na akabaki amesimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu kama yeye.

Baada ya mazishi nilimkuta Madamu upande wa jikoni, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, peke yake. Wanawake walikuwa wanapakua ugali mbali naye kidogo. Kabula alikuwa ametangulia kufika. Hawakukumbatiana. Alimwamkia kwa kupiga magoti, kama tunavyofanya huku kwa mama, na Madamu akamshika kichwa.

"Nyamizi yuko wapi siku hizi?" Madamu alimuuliza.

"Mwamanyili, kwa mama yake. Nasikia waliozaa walipofunguliwa mlango wa kurudi shule, alirudi."

"Unasikia."

"Namba yake ninayo, Madamu."

Kabula aliinuka akasogea hadi nyuma ya ghala la mtama, na nikamwona akiiweka simu sikioni, anasubiri.

Hapo ndipo alipokuja Minza. Ni mkubwa wa wale wasichana wawili waliolelewa kwa Madamu, siku hizi muuguzi. Alikuwa bado na udongo wa kaburi viganjani. Alisimama mbele ya Madamu, na wanawake waliokuwa wanapakua wakaacha.

"Mlituambia ninyi ni somo," Minza alisema. "Wewe na mama. Miaka yote niliyokaa kwako."

"Ndiyo."

"Mama alijua kwamba utasema?"

"Alinikataza. Alisema nikisema nitafukuzwa kazi, na ninyi mtarudi kuchunga."

"Ulistaafu lini wewe?"

Madamu aliinamisha kichwa. "Muda umepita."

"Kwa hiyo ungesema akiwa hai. Angekaa pale kwenye kiti chake, asikie akitajwa mbele ya watu."

"Ndiyo," Madamu alisema. "Ningesema."

Hakujitetea. Nilisubiri ajitetee, maana angeweza: ada, chakula, miaka aliyowauguza malaria. Hakutaja hata kimoja. Minza alibaki amesimama, anahema kama mtu aliyebeba ndoo mbali. Kisha alichukua jagi la maji ya kunawa, akamimina Madamu mikononi, polepole, na baadaye akanawa mwenyewe.

"Sasa jina la mama amekwenda nalo," alisema. "Wewe tutakuita nani?"

Madamu alifikiri. Midomo yake ilijaribu kitu bila sauti. Halafu akalitaja, jina alilopewa na wazazi wake, jina fupi la Kisukuma la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Mimi nililisikia, lakini hakuniambia mimi, kwa hiyo siliandiki.

Minza alilirudia mara moja, bila kukosea. Akamshika mkono, akamwinua, akampeleka kwenye mkeka wa wafiwa. Sahani ilipoletwa akaisukuma katikati yao wawili.